Matembezi ya Mji Mkongwe: nyumba nzuri, mtembezaji hovyo

"Mama, nani alimuuzia nani itakusaidia nini? Piga picha twende." Hivyo ndivyo nilivyojibiwa mbele za watu pale Mizingani, Zanzibar, na mtu niliyemlipa anieleze mambo hayohayo!

Ilikuwa miezi michache iliyopita. Tulisimama mbele ya Ithnasheri Dispensari, ile yenye roshani za mbao zilizojaa nakshi, na vioo vya rangi. Mtembezaji akatangaza kwamba ni kasri ambalo Sultani alimjengea mkewe. Nikamuuliza kwa adabu: "Samahani bwana, si la Tharia Topan hili?" Ndipo likanishukia jibu hilo.

Jiwe la msingi liliwekwa 1887, kwa heshima ya miaka 50 ya Malkia Victoria kwenye kiti chake. Topan, tajiri wa Kiismailia aliyewahi kusimamia forodha ya Sultani, alitaka iwe hospitali. Akafariki 1891, kazi haijakwisha. Aliyeiendeleza ni mjane wake, hadi ikakamilika 1894. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mwanamke kafiwa, kaachiwa jengo nusu, kalimaliza. Leo anafutwa, na mahali pake anawekwa mke wa Sultani aliyeletewa zawadi! Mimi ni mjane. Sikuweza kulimeza hilo.

Baadaye nyumba ikaenda kwa Haji Nasser Nurmohamed, ndipo chini pakawa dispensari na juu pakakaa wapangaji. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaachwa ikachakaa vibaya, mpaka shirika la Aga Khan lilipoikarabati miaka ya 1990. Hayo yote yanasimulika kwa dakika tano. Yeye alitumia muda mrefu zaidi kutuonyesha duka la vinyago.

Niwe mkweli, milango aliijua. Alitueleza vizuri ipi ina mkono wa Kihindi na ipi ya Kiarabu, na alimshika mkono shangazi yangu kila penye ngazi. Kwa hilo nilishaamua kumpa nyota tatu.

Lakini hapana. Tulipokuwa tunarudi, Mzungu mmoja wa kundi letu akamuuliza swali lilelile langu, nani alijenga. Akasimama, akatabasamu, akamsimulia Topan kwa Kiingereza, na jubilei, na hospitali. Kumbe alijua! Mimi niliyeuliza kwa Kiswahili, katika mji wa Kiswahili, nilipewa hadithi ya kasri na kufokewa. Na hata kwa yule mgeni, mjane hakutajwa.

Nyota moja, na hiyo ni ya shangazi. Nyumba yenyewe nendeni mkaione, ingieni hadi uani, inueni macho. Ila kabla hamjatoa pesa, mwulizeni mtembezaji nani aliyeimaliza ile nyumba. Akisema Sultani, tafuteni mwingine.