Istanbul siku mbili na nusu: pasi ya watalii ilinila, kadi ya feri ikanifaa

Nilitua Istanbul Jumatatu mchana na ndege ya kuondoka ilikuwa usiku wa kuamkia Alhamisi. Mwenye muda mfupi huogopa kukosa vitu, na mtandaoni kuna watu wanaoishi kwa hofu hiyo. Wiki mbili kabla ya safari nilinunua pasi ya watalii ya siku mbili, ya kampuni ambayo sitaitaja. Iliahidi majumba, boti na kuruka foleni. Kadi ya kawaida ya usafiri ya mji, Istanbulkart, haikuwemo hata kwenye mipango yangu. Naandika haya kwa ajili ya anayefungasha sasa hivi na yuko karibu kubonyeza "lipia".

Nianze na kadi, kwa kuwa ndiyo niliyoigusa kwanza. Uwanja mpya wa ndege uko mbali na mji, lakini tangu 2023 kuna metro, laini ya M11, na tangu 2024 inakufikisha hadi Gayrettepe mjini. Kadi inauzwa na mashine kabla ya mageti. Unachagua lugha, unaingiza noti, kadi inatoka. Bei ya kadi yenyewe ni mbali na salio, na mashine hairudishi chenji, kwa hiyo ukiingiza noti kubwa jua yote inageuka nauli. Gayrettepe nikahamia M2. Baada ya Şişhane treni inatoka gizani ghafla na kujikuta juu ya daraja, chini maji ya Pembe ya Dhahabu, mkono wa bahari unaoingia mjini, na mbele minara ya misikiti. Abiria wengine hawakuinua hata macho kutoka kwenye simu. Mimi nilisimama nikashika mlango kama mtoto. Nilishuka Vezneciler, nikatembea hadi kituo cha tramu cha Laleli, T1 ikanipeleka Sultanahmet, kwenye mji mkongwe.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Saa kumi na nusu jioni, begi limeshawekwa hotelini, nikaona nisikae bure, nikaingia na pasi kwenye Hodhi la Basilika, lile birika la maji la chini ya ardhi lililojengwa karne ya 6 enzi za mfalme Justinian. Nguzo 336 ndani ya giza, maji kidogo miguuni mwake, na pembeni kabisa vichwa viwili vya Medusa vimetumika kama matofali ya kuegemeza nguzo, kimoja kimelala ubavu, kingine kimepinduliwa juu chini. Sijutii hata dakika. Ila pasi yangu haikuhesabu saa 48, ilihesabu tarehe. Ule muda mfupi wa jioni ulikula Jumatatu nzima. Ikabaki Jumanne.

Na Jumanne kasri la Topkapı hufungwa.

Hii si siri. Imeandikwa kila mahali, nami sikusoma. Nilisimama mbele ya lango pamoja na familia moja ya wageni na baba mmoja aliyekuwa akiitazama saa yake kana kwamba lango lingebadili mawazo. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote andika siku zako, kisha uandike kinachofungwa: Topkapı ni Jumanne, kasri la Dolmabahçe ni Jumatatu, Soko Kuu la kale ni Jumapili. Ijumaa misikiti mikubwa haipokei watalii hadi swala iishe. Ukiwa na wiki nzima unasogeza tu mambo. Ukiwa na siku mbili na nusu, siku moja ya kufungwa inaweza kubeba kile ulichokijia.

Nikahamia Hagia Sophia, kanisa la kale lililogeuzwa msikiti na baadaye makumbusho, ambayo kwenye orodha ya pasi ilikuwa na alama ya tiki. Kumbe kilichojumuishwa ni kijana mwenye kibendera, anawasimulia nje uwanjani kama nusu saa, halafu anawaonyesha dirisha la tiketi lilipo. Tangu jengo hilo lirudishwe kuwa msikiti Julai 2020, anayekwenda kuswali anaingia chini bila malipo, na tangu Januari 2024 mtalii wa kigeni hupandishwa kwenye roshani ya juu kwa euro 25. Kijana alisimulia vizuri, sitamdhulumu. Lakini neno "imejumuishwa" nililielewa vingine nilipolipa. Niliachana na kundi, nikasubiri adhuhuri, nikaingia kuswali. Kuba lile lina umri wa karibu miaka 1,500, na ukisujudu chini yake unasikia kikohozi cha mtu wa upande wa pili. Picha za vigae za kule juu sikuziona, na sikuona uchungu.

Safari ya boti ya pasi nayo ilikuwa siku hiyo hiyo. Tuliambiwa saa nane, tukaondoka karibu saa tisa kwa sababu boti ilikuwa ikisubiri ijae. Kipaza sauti kilirudia maelezo kwa lugha tano, na kabla ya ya tano haijaisha jengo lenyewe lilikuwa limeshapita. Tuligeuza chini ya daraja la kwanza la Bosphorus, mlangobahari unaotenganisha Ulaya na Asia, tukarudi. Nilishuka nikiwa na kichwa kinachogonga, nikanunua simit, ule mkate wa duara wenye ufuta, nikakaa kwenye ngazi za gati la Eminönü kuhesabu nilichotumia.

Nikiwa pale nikaona watu wa kawaida, wenye mifuko ya sokoni, wanagusisha kadi na kupanda meli kubwa nyeupe. Ilikuwa feri ya Kadıköy, upande wa Asia. Nikagusisha yangu.

Hii ndiyo sehemu ninayoipa nyota tano bila kusita. Kwa nauli ya kawaida ya usafiri wa mji unapata kama dakika ishirini na kitu za bahari, benchi la nje, na muuza chai anayepita na sinia la bilauri ndogo zilizobanwa kiuno. Shakwe wanaruka usawa wa uso wako wakisubiri kipande cha simit. Kulia linapita kasri nililofungiwa, na nyuma yake kuba la Hagia Sophia na minara sita ya Msikiti wa Sultan Ahmed. Kushoto, mbali kidogo, Mnara wa Msichana umekaa peke yake majini. Hakuna anayekueleza chochote, na hilo ndilo lililonipumzisha. Kadıköy kwenyewe hakuna cha kukata tiketi. Ni vichochoro vya samaki, mizeituni, kahawa na vijana. Nilikaa hadi usiku.

Kurudi nilitumia treni ya Marmaray, inayopita chini ya bahari. Ilifunguliwa 2013, na kutoka Üsküdar hadi Sirkeci, yaani Asia hadi Ulaya, ni kituo kimoja tu. Hapa kuna jambo ambalo wageni wengi hupoteza hela: Marmaray hutoza kwa umbali, lakini getini inakata nauli ya safari ndefu kabisa. Ukitoka tafuta mashine ndogo iliyoandikwa "İade", gusisha kadi, na ziada inarudi. Mimi niliambiwa na bibi mmoja aliyenivuta mkono wa koti bila kusema neno, akaniashiria mashine. Kasoro ninayoweza kuitaja kwenye huduma hii ni hiyo tu: hela yako inarudi ukijua kuidai.

Jumatano pasi ilikuwa imekufa, nami nikawa huru. Nililipa Topkapı mwenyewe, nikafika mapema kabla ya mabasi. Tenga saa tatu, usidanganywe na wanaosema moja inatosha. Katika chumba cha vitu vitukufu, ambamo linahifadhiwa joho la Mtume, kuna msomaji anayesoma Qur'ani papo hapo. Watu walioingia wakipiga kelele wananyamaza wenyewe. Mchana nikashuka Karaköy, nikapanda Tünel, treni fupi ya mlimani ya mwaka 1875. Kwa njia za chini ya ardhi za mijini, iliyoitangulia ni ya London tu, na safari yenyewe inaisha kabla hujakaa sawasawa. Ni kadi hiyo hiyo. Magoti yangu yanashukuru, maana kilima kile cha Galata si cha mchezo.

Pasi siiiti utapeli. Mtu mwenye siku nne, anayependa kuingia ndani ya kila jengo na anayeamka alfajiri, huenda hesabu ikamlipa. Kabla ya kulipia ajiulize mambo mawili: siku zinahesabiwa kwa saa au kwa tarehe, na kila kilichotikiwa ni tiketi ya kuingia au ni maelezo ya mlangoni. Mimi ningeipa nyota mbili, moja ikiwa ya lile hodhi.

Jioni ya mwisho nilifanya kinyume: nikatangulia Kadıköy kwa treni, kisha nikapanda feri ya kurudi Eminönü saa ile jua linapozama nyuma ya mji mkongwe. Ukifanya hivyo kaa nje, upande wa kushoto, na uwe na koti hata kama mchana ulikuwa na joto. Nilibakiwa na salio la safari moja. Nikageuka, nikapanda tena.