Duka la baiskeli Malindi lenye kabati la nyuma: fundi nyota nne, dawa hata nusu sitoi

Jina la duka silitaji manake sitaki maneno na watu, lakini kama waendesha baiskeli hapa Malindi na umri ushapita arubaini na tano basi walijua, au mwenzio ashakwambia "pita pale ndani, kuna kitu chako". Mimi ni mteja wa zamani pale, kwa hivo naanza na mazuri.

Zuri kubwa ni fundi. Yule mzee wa nje chini ya mwarobaini hana mwenzie mji huu. Rimu imepinda mpaka yagusa breki, yeye ataikalia na spana yake ndogo, spoku baada ya spoku, hana haraka, na ikitoka pale imenyooka. Na akiona cheni yako bado nzima hakuuzii mpya, atakwambia nenda kaoshe kwa mafuta ya taa urudi mwezi ujao. Zile baiskeli za mbio za mtumba, nyingi ni za Wataliano wakihama wauza, yeye ndiye azikagua fremu kwanza kabla haziwekwa dukani. Tyubu, pedi za breki, tairi zapatikana na bei si ya kulia. Nyota nne. Ya tano nimeibania kwa sababu helmeti za kichwa kikubwa ni za "wiki ijayo" tangu zamani.

Sasa tuingie ndani.

Kuna shelfu la makopo, poda ya protini, jeli za kafeini, na vile vidonge vya kuongeza testosteroni vyenye picha ya kijana wa kizungu asiye na shati. Nyuma yake kuna kabati la kufuli. Kitu kilonichekesha ni kwamba vijana wanaoshindana kweli, wale wa kwenda mbio za Mombasa na Nairobi, wauziwa tairi na kuambiwa kwaheri, ni sisi wenye wajukuu ndio twafunguliwa kufuli. Ukifikiri lakini ni hesabu ya biashara tu. Kijana hana pesa. Mzee ana pensheni, ana vyumba vya kupangisha Barani, na roho yauma manake Jumapili kundi lilimwacha njia ya Mambrui hata daraja la Sabaki hawajafika, kaskazi lampiga usoni, na alomwacha ni mtu alosoma naye madrasa. Huyo ukimwambia kuna dawa hataulizia bei.

Vidonge vya shelfuni nlivitumia kopo zima. Ntasema ukweli, sikuona chochote zaidi ya kiungulia na kukosa usingizi, manake ukisoma nyuma kwa yale maandishi madogo utaona kafeini imejaa humo, sasa kafeini hiyo si ningekunywa kahawa tungu tu pale sokoni kwa shilingi chache nikapiga na soga. Pesa ilienda bure lakini haikuniumiza. Kabati ndilo lina mambo.

Muuzaji ni kijana mpole, ana adabu, akwita "mzee wangu" na kiti akupa. Alinionyesha chupa ndogo za testosteroni za kudunga, halafu akasema kama nataka "ile ya Armstrong", yaani EPO, dawa aliyotumia yule Mmarekani bingwa wa baiskeli, yapatikana kwa oda. Mimi nkamuuliza, hii si haramu michezoni? Akanijibu, mzee wangu, wewe nani atakupima?

Na hapo hajadanganya. ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa haramu michezoni, ipo kwa sheria ya 2016 lakini kazi yao ni wanamichezo wa mashindano, haiji kusimama Gede saa kumi na mbili asubuhi kukinga mkojo wa wazee waliotoka kula mahamri. Sisi twashindania mbuzi na maneno ya WhatsApp. Lakini sikiza, hilo ndilo tatizo lenyewe, sio utetezi. Mchezaji wa kulipwa akidunga ana daktari nyuma yake, daktari mbaya lakini daktari, apimwa damu kila mara hata kama ni kwa ajili ya kudanganya vizuri. Mzee wa Malindi ana yule kijana na YouTube.

Na wala si sisi wa kwanza. Armstrong alivuliwa Tour de France saba mwaka 2012, hilo kila mtu alijua, lakini mwaka huohuo kwenye Gran Fondo New York, mbio za watu wa kawaida wenye kazi zao, wawili walipatikana na EPO. Mwaka 2015 ile tume iliyoichunguza UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, ikaandika kwamba madawa yameenea kwa waendeshaji wa ridhaa, na ikataja wafanyabiashara wa makamo wanaoshinda mbio za rika lao kwa EPO. Makamo! Yaani mtu ana kampuni, ana watoto chuo kikuu, ajidunga ili amshinde mhasibu mwenzake.

Hiyo EPO nieleze kidogo manake pale dukani hawaelezi. Ni homoni ya figo, yaambia uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu zaidi, oksijeni yabebwa nyingi, miguu haichoki upesi. Dawa yake ilitengenezwa kwa wagonjwa, wale wa dialisisi ambao figo zao hazitoi tena. Ukijidunga na wewe mzima, damu yawa nzito kama tui la kwanza, na wewe huyo ushatoka jasho lita mbili kwa jua la saa tano njia ya Watamu, maji hukunywa, damu yazidi kuwa nzito, basi kiharusi au moyo hapo hauko mbali. UCI mwaka 1997 walikuwa hawana kipimo cha EPO bado, wakaweka mpaka tu, chembe nyekundu zikizidi asilimia 50 ya damu kwa mwanamume haruhusiwi kuanza mbio. Na hao ni vijana wa ishirini na tano wenye mishipa safi. Wetu tumekula viazi karai miaka arubaini.

Tena EPO yatakiwa ikae baridi, digrii 2 hadi 8. Pale dukani friji ni ile ya soda, na stima ya Malindi mwaijua. Kwa hivo hata ukiamua kujidhuru huna hakika wadungwa dawa au maji ya moto.

Testosteroni nayo. Ni kweli baada ya thelathini na kitu yashuka kidogo kidogo kila mwaka, na wapo wanaume ambao daktari akiwapima aona iko chini kweli awaandikia, hao siwasemi. Nawasema wa kujinunulia. Jirani yetu mmoja alidunga, na wallahi alikwenda, alikuwa akiongoza kundi mpaka Mambrui na upepo wa uso, hata hakubali kupokewa, sisi nyuma twatazamana. Kisha akaanza kuumwa kichwa, uso mwekundu, akaenda hospitali akapimwa, hematokriti, yaani ile asilimia ya chembe nyekundu kwenye damu, imefika 56. Madaktari ikipita 54 husimamisha sindano. Walimtoa damu kama mtu anayechangia. Na jambo jingine hakuambiwa na kijana: ukiitia kutoka nje, ubongo waona imetosha, basi kule chini viwanda vyafungwa, vyasinyaa, na mbegu zapungua. Alokuja kutafuta uanaume!

Sasa lawama yangu kubwa juu ya hili duka, na ndio sababu ya sifuri: siku zote nilizokaa kwenye kile kiti cha adabu sijasikia mtu aulizwa "una presha?". Hata mara moja. Kundi letu nusu wana presha, wengine sukari, mmoja ana kidonge cha kuweka chini ya ulimi kwa ajili ya kifua, na huyohuyo nlimwona auziwa unga wa "nguvu za kiume" usio na hata karatasi. Mara nyingi unga wa aina hiyo ukipimwa hukutwa una sildenafili ndani, ile dawa ya Viagra, na sildenafili pamoja na kidonge cha chini ya ulimi presha yaweza kuporomoka mtu asiamke.

Na kuna upande wa pili, wa wale ambao hawataki kudanganya mtu. Dawa ya presha ya kukojoza, ile HCTZ ambayo wengi wetu twameza na chai, iko kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni. Ndiyo iliyopatikana kwa Ruth Chepngetich, mkimbiaji wetu wa marathoni mwenye 2:09:56 za Chicago, akafungiwa miaka 3 mwaka 2025. Na muguka msicheke, kathini iliyo ndani yake nayo iko kwenye orodha, mashindanoni ikizidi mikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo. Marekani mwaka 2018 babu mwendesha baiskeli wa miaka 90 alipatikana na alama ya trenboloni, ile wanenepeshea ng'ombe. Wapimaji wenyewe walisema yaelekea ni nyama aliyokula, wakampa onyo tu, ila rekodi yake ikaenda. Na kirutubisho alichokuwa akitumia kabla kilikutwa kimechanganyika na klomifeni, dawa nyingine iliyokatazwa. Kwa hivo ukitaka kushiriki mbio rasmi na wewe wameza dawa za kweli za ugonjwa wa kweli, omba ruhusa ya matibabu mapema, peleka karatasi za daktari. Duka kama hili ndilo lingefaa kuwaambia wazee hivo, lina wateja wote wa mji. Halisemi.

Jambo la mwisho, risiti. Tyubu ya baiskeli watoa risiti yenye muhuri. Chupa ya kabati hawatoi, na hela yake waambiwa utume kwa namba nyingine, si ile till ya ukutani.

Ukienda, nenda kwa fundi moja kwa moja, yuko kuanzia saa mbili asubuhi, Ijumaa aondoka mapema kwa swala na kurudi alasiri. Mwambie rimu ya nyuma aitazame na hapo hapo mwambie na mipira ya breki, manake akishaanza baiskeli ya mtu mwingine utangoja.