Kofia ya hewa ya mgongoni kwenye paa la vigae vya lami, Tanga: uzoefu wangu

Nianze na hukumu. Kofia ya hewa ya plastiki ngumu, ile inayouzwa kwa vipande vya mita 1.2 na kufungwa juu ya mkato wa mgongo wa paa ili hewa ya darini itoke, ni kifaa kizuri na inafaa pwani yetu. Kwa nyumba inayostahili naipa alama 4 kati ya 5. Lakini haifanyi lolote kama upenuni hakuna pa kuingilia hewa, na kwa paa la migongo minne, lile linaloteremka pande zote nne, ambalo ndilo limejaa Tanga mjini, mara nyingi haina sababu ya kununuliwa. Wauzaji wengi hawakuulizi habari ya mambo hayo mawili, na ndiyo yanayoamua kama fedha yako itafanya kazi.

Nazungumzia vigae vya lami, vile vyembamba vya chembechembe vinavyopigiliwa moja kwa moja juu ya plaiwudi au marini bodi. Vigae vya bati vyenye chembe za mawe hukaa juu ya papi, zile mbao nyembamba za kupigilia paa, na hewa hupenya chini yake, kwa hiyo hesabu yake ni nyingine. Paa la vigae vya lami limezibwa kote: plaiwudi, juu yake felti (karatasi ya lami ya kuzuia maji), juu yake kigae. Jua la saa nane mchana wakati wa kaskazi likilipiga, joto hukwama kati ya plaiwudi na dari, pamoja na unyevu unaopanda kutoka jikoni, bafuni na kwenye kila tundu la taa. Usiku plaiwudi inapopoa, unyevu ule hutua chini yake.

Panda darini na tochi uangalie misumari ya vigae inapochomoza. Ncha zikiwa na kutu ya kahawia, na kila msumari umezungukwa na duara jeusi kwenye mbao, huo ni unyevu usio na pa kutokea. Kingo za plaiwudi huanza kuachana tabaka kwa tabaka, na ukibonyeza kwa kidole zinatoa nyuzi. Madoa yakiwa yameenea paa zima kwa usawa, tatizo ni hewa. Yakiwa sehemu moja tu, tafuta panapovuja kwanza, maana kofia ya hewa haitibu uvujaji.

Sasa hesabu, na hapa nawaomba msiruke. Kanuni ya nyumba za makazi inayotumika Marekani, ambako vigae hivi vimezoeleka, inataka eneo la wazi la matundu liwe sehemu 1 kwa kila sehemu 150 za eneo la dari. Inashuka hadi 1 kwa 300 ikiwa asilimia 40 hadi 50 ya eneo hilo iko juu, ndani ya sentimita 90 kutoka mgongoni, na iliyobaki iko upenuni. Eneo la wazi maana yake ni nafasi inayobaki baada ya kutoa wavu na vibao vya kukinga tundu. Kwa kofia nzuri ya plastiki ni kama sentimita za mraba 380 kwa kila mita ya urefu. Namba hiyo huandikwa kwenye pakiti, na kofia isiyo na namba hiyo mimi siinunui.

Chukua nyumba ya mita 14 kwa 9 yenye mgongo mmoja na kuta za pembetatu pande mbili. Dari ni mita za mraba 126. Gawanya kwa 300 unapata mita za mraba 0.42, nusu yake iwe juu, yaani sentimita za mraba 2,100. Mgongo wa mita 14, ukiacha sentimita 30 kila ncha, unakupa mkato wa zaidi ya mita 13, na kofia inatoa karibu 5,000. Juu una ziada. Ziada hiyo ndiyo yenye hatari, kwa sababu upenuni nako panatakiwa pasipungue 5,000. Hewa ya chini ikipungukiwa, kofia huanza kujitafutia hewa kwingine: upande mmoja unageuka mlango wa kuingilia, na mvua ya upepo inafuata humo humo. Nyumba nyingi nilizoona kofia inalaumiwa kwa kuvuja, kofia ilikuwa nzima. Upenuni ndiko kulikozibwa.

Vile vitundu vya duara vya sentimita 10 ambavyo mafundi hupenda kuviweka kwenye dari la nje la upenuni, kila kimoja kikiwa na wavu na vibao, ukihesabu kinabaki na nusu ya eneo lake, ni sentimita za mraba 39 tu. Ili kufika 5,000 unahitaji vitundu 128 au zaidi. Mara nyingi huwekwa 12. Dawa ni ukanda mrefu wenye matundu, upana wa sentimita 5, uende upenu mzima pande zote mbili. Ukanda wa kawaida wa aina hiyo hutoa kama 190 kwa mita, kwa hiyo mita 28 zinatoa 5,320. Hapo juu na chini vinalingana.

Kuna kizuizi kingine ambacho hakionekani kutoka chini, na kwetu ndicho kinachoharibu kazi kuliko vyote. Fundi wa matofali hupandisha ukuta kati ya kenchi na kenchi mpaka uguse plaiwudi, kisha anapaka udongo wa saruji juu yake, kwa nia njema ya kuzuia popo na wezi. Dari la nje linakuja kufungwa baadaye na matundu yake mazuri, lakini hewa inaishia hapo hapo upenuni, haivuki ukuta. Kabla hujanunua chochote, fungua kipande kimoja cha dari la nje uchungulie. Ukikuta matofali yamefika juu, yatolewe tabaka la juu ibaki nafasi ya sentimita 5, uweke wavu. Na kama umetandaza pamba ya kioo juu ya dari, isisukumwe mpaka ibane plaiwudi pale kwenye pembe ya upenu. Weka kibao au mkunjo wa plastiki ngumu utakaolinda njia ya hewa isiyopungua milimita 25.

Wavu nao una hesabu yake. Popo ni wengi huku, mapango ya Amboni hayako mbali, na hawahitaji mwanya mkubwa kuingia. Macho ya wavu yawe kati ya milimita 3 na 6. Wavu wa mbu hula sehemu kubwa ya njia ya hewa, kisha vumbi na chumvi vinamaliza iliyobaki. Anayeutaka kwa sababu ya mbu aongeze eneo la matundu mara mbili na akubali kuusafisha kila mwaka. Wavu wa waya wa kawaida karibu na bahari huoza upesi. Chukua wa stenlesi au wa plastiki nzito.

Turudi kwenye paa la migongo minne. Nyumba ya mita 12 kwa 10 yenye mteremko ulio sawa pande zote ina mgongo wa juu wa mita 2 tu, kwa sababu urefu wa mgongo ni urefu wa nyumba ukitoa upana wake. Ondoa sentimita 30 kila ncha, umebaki na mita 1.4, sawa na sentimita za mraba 532. Zinazotakiwa juu ni 2,000. Umelipia kofia, umekata mgongo, na umepata robo ya kazi. Kwa paa hilo nenda kwenye visanduku vya hewa vinavyokaa juu ya kigae, vyenye kama 320 kila kimoja. Saba vinatosha, na vyote viwe usawa mmoja karibu na mgongo. Upenuni fungua angalau 2,240. Usichanganye visanduku na kofia kwenye dari moja, wala kofia na feni ya upepo inayozunguka, wala kofia na matundu ya kwenye ukuta wa pembetatu. Hewa hufuata njia fupi: feni itanyonya kutoka kwenye kofia iliyo karibu nayo, na upenuni hakutasogea kitu. Feni hizo zina tatizo jingine la hapa pwani. Chumvi hula beringi, nayo huanza kulia kabla haijasimama kabisa.

Kwa anayefunga kofia, mteremko usiwe chini ya sentimita 25 za kupanda kwa kila mita moja. Piga uzi wa chaki. Kama kenchi zimekutana bila mbao ya mgongo katikati, kata sentimita 2 kila upande wa kilele. Ikiwepo mbao ya sentimita 5, mkato uwe sentimita 4.5 kila upande, kwa sababu sentimita 2.5 za kila upande zimezibwa na nusu ya mbao na hazina faida kwa hewa. Msumeno uwekwe kina cha plaiwudi na kigae, basi. Fundi mwenye haraka hushusha msumeno mpaka ndani na kukata vichwa vya kenchi vyote, kimoja baada ya kingine, na hilo halirekebishiki kwa gundi. Mkato uishe sentimita 30 kabla ya ncha, lakini kofia yenyewe iende mpaka mwisho wa mgongo. Mita 14 zinataka vipande 12. Kabla ya kufunika, pitisha mkono kwenye mkato wote uhakikishe felti imekatwa. Felti ikibaki imefunika, kwa nje kazi inaonekana imekamilika na ndani hakuna kilichobadilika.

Misumari ipigwe kwa nyundo ya mkono. Bunduki ya misumari huibonyeza kofia mpaka matundu ya pembeni yanafumba. Kila msumari upenye plaiwudi yote na ncha ichungulie angalau milimita 3 upande wa chini. Misumari mifupi iliyosalia baada ya kupigilia vigae ndiyo inayoachia wakati wa kusi. Tumia iliyochovywa zinki au ya stenlesi, na utie silikoni ya nje kwenye maungio na kwenye vizibo vya ncha.

Vigae vya kufunika kofia vianzie ncha ya kaskazini vielekee kusini, kwa mgongo uliolala hivyo. Kusi ndiyo inayokuja na mvua za masika, na ukianza upande ulio kinyume na upepo kingo zilizo wazi haziupokei uso kwa uso. Na kofia yenyewe iwe na ukingo uliosimama nje ya matundu. Upepo ukigonga ukingo huo hurushwa juu, mvuto unazaliwa nyuma yake, hewa ya darini inatoka na maji yanapita juu. Zile za mkeka wa nyuzi zinazokuja zimeviringishwa hazina ukingo huo. Ni rahisi kusafirisha na ni za bei nafuu, lakini zinabonyea kirahisi na zinashika vumbi. Kwa nyumba iliyoangalia bahari, Raskazone au Sahare, sizipendekezi.

Za bati la zinki zinazokunjwa na mafundi wetu naziheshimu kwa ufundi, ila kutu huanzia pale mkasi ulipopita. Alumini ni bora zaidi, mradi isipigiliwe misumari ya chuma kitupu na isigusane na saruji mbichi.

Kuhusu joto niseme wazi, maana wengi hununua kwa tamaa ya chumba kupoa. Kofia hupunguza joto la darini na huondoa unyevu, lakini sehemu kubwa ya joto unalolisikia chini ya dari hushuka kama mionzi kutoka kwenye plaiwudi yenyewe. Kwa hilo rangi ya kigae ina nguvu zaidi, na karatasi ya alumini inayong'aa ikifungwa chini ya kenchi, uso wake ukitazama nafasi ya hewa isiyopungua milimita 25. Kigae cheusi Tanga ni kujitafutia taabu. Na wenye kiyoyozi wazibe kwanza matundu yote ya dari kuzunguka taa na mabomba. Hewa ya pwani inayoingia darini ina unyevu mwingi, na ikigusa jipsam iliyopozwa na kiyoyozi huacha maji. Feni ya bafu na bomba la moshi la jikoni vitoke nje ya paa kabisa, visiishie darini.

Kujua kama kazi imefaulu, subiri mchana wa jua usio na upepo mkali. Washa udi wa kijiti, usimame kwenye ngazi upenuni, uushike chini ya ukanda wa matundu kwa umbali wa mkono, bila kugusa plastiki. Moshi unapaswa kupinda na kuingia ndani. Ukining'inia au kurudi usoni, njia imezibwa mahali, na mara nyingi ni yale matofali. Pita upenu wote kipande kwa kipande. Sehemu moja kuvuta haina maana zote zinavuta.

Matunzo ni machache. Mwezi wa Februari, kabla ya masika, kagua silikoni ya ncha zote mbili, ondoa majani na viota vya nyigu, futa ukanda wa upenuni kwa brashi kavu. Usiipige kofia maji ya presha. Yanapita chujio la ndani ya kofia, yanaingia darini, na utakuwa umejivujishia paa lililokuwa zima.