Mahamri ya Langoni na daftari la karo, nendeni mkale pale

Kama uko Lamu na hujakula pale Langoni kwa mama mwanajeshi basi mahamri hujala bado. Bango hakuna, ukitoka uwanja wa ngome shika Usita wa Mui uelekee Langoni, uliza "kwa mama mwanajeshi" hata mtoto mdogo atakupeleka mpaka mlangoni.

Hilo jina watu ndio wamempa. Mwanawe aliuawa El Adde, Somalia, tarehe 15 Januari 2016, ile alfajiri al-Shabaab walivamia kambi ya jeshi letu la Kenya iliyokuwa chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, na idadi ya vijana waliokufa pale watu wanabishana mpaka leo. Picha yake iko ukutani, kavaa bereti, chini jina na tarehe basi. Mama mwenyewe hahadithii, ukimuuliza atakwambia mawili matatu alafu atakuuliza mwanangu nikuongeze mbaazi?

Sasa chakula. Mahamri anayatoa karaini mbele yako, yamefura vizuri, ukipasua ni tupu ndani na harufu ya iliki inakupiga puani, mbaazi zina tui zito sio maji maji kama za hoteli za ufukweni. Mchana ni wali wa nazi na samaki wa kupaka, siku nyengine tafi wa kukaanga, na mimi kama iko tafi siangalii kengine. Maji ya ukwaju yamezidi sukari, hilo nimemwambia mwenyewe na nalisema hapa pia.

Lakini kilichonifanya niandike ni ule mfuko. Kila sahani ya mchana shilingi 20 inatoka inaingia kwa karo ya watoto wa wanajeshi waliokufa, na till namba (ya kulipia kwa simu) ya mfuko ni mbali na ya chakula, manake ukitaka kuongeza chako unajua kinaenda wapi. Ofisi hakuna, iko daftari. Nimelishika kwa mkono wangu, kila mstari una jina la shule, muhula, pesa, na risiti ya shule imebanwa pembeni kwa pini, na mtoto hakuandikwa jina lake, ni herufi moja tu, kwa sababu mama anasema hataki mtoto wa mtu aje aoneshwe kidole njiani kwamba wewe ndio unasomeshwa na mahamri. Wallahi hapo nilinyamaza. Tumezoea misaada ya kupiga picha mtoto ameshikishwa unga na bango, hapa mtoto hajulikani na karo inalipwa moja kwa moja shuleni, haipiti mkononi mwa mtu.

Tena sio karo peke yake, wajane wanasaidiwa nauli. Mtu wa bara anaweza asielewe hii. Mafao ya serikali yapo ndio, na Nairobi wake wa wanajeshi wana chama chao MWAK, lakini mjane wa huku akiitwa Nairobi kwa karatasi ni boti mpaka Mokowe, basi mpaka Mombasa, alafu safari nyengine tena, alale wapi, watoto aliowaacha nyumbani wale nini, na akifika akaambiwa kuna karatasi imekosekana anarudi kuanza upya. Mwengine angekata tamaa akaacha haki yake. Hiyo nauli ndogo ndio inamfikisha.

Najua kuna watu hapa mjini hawataki kusikia habari za wanajeshi, na sababu zao nazijua, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni 2014 tuliwekewa kafyu, na kuna miaka wavuvi wetu walikatazwa kuvua usiku na nyumba nyingi zililala njaa. Hayo ni kweli na yanauma. Lakini mtoto aliyeachwa na babake ana kosa gani jamani, na huyu mama ni wetu, kazaliwa hapa hapa, mwanawe alisoma madrasa na wanetu. Mimi naona kumkumbuka marehemu kwa kumsomeshea yatima ni sadaka inayomfikia kuliko maua na hotuba. Tarehe 14 Oktoba siku ya KDF, yaani jeshi la Kenya, inayokumbuka Linda Nchi, operesheni ya kuingia Somalia 2011, yeye haendi popote, anapika, na mauzo yote ya siku ile yanaingia kwenye mfuko. Na 15 Januari vile vile, asubuhi kisomo kwanza.

Kasoro, nafasi ni ndogo, meza chache mno, Ijumaa baada ya swala utasimama sana na jua lile, na wahudumu ni wajukuu zake kwa hivyo siku za shule mambo yanakwenda pole pole, msiwafokee. Wageni wengine wanaingia wanapiga picha ya marehemu bila kuomba, tafadhali ombeni kwanza.

Mahamri ni asubuhi mapema, samaki kuanzia saa sita, na tafi akiisha ameisha hapiki mwengine, kwa hivyo wahini.