Maabara iliyoniita mwizi wa maziwa

Jamani acha niseme, hili jambo limenikaa kooni tangu mwezi ule. Nauza maziwa ya ngamia Eastleigh, yanakuja na gari la usiku kutoka Isiolo kwenye mitungi ya njano ya lita 20. Mteja mmoja mkubwa akataka karatasi ya kuthibitisha hayajachanganywa na ya ng'ombe, basi nikapeleka kwenye maabara moja hapa Nairobi wanaopima protini kwa mashine ya HPLC, ile inayozitenganisha na kuzichora kama vilima kwenye grafu.

Kipimo chenyewe sina ubishi nacho. Maziwa ya ngamia hayana protini inayoitwa beta-laktoglobulini kabisa, ya mbuzi inayo, na ya ng'ombe ndiyo usiseme, ukishagandisha kasini, ile protini inayoganda, ukaitoa, karibu nusu ya protini zinazobaki kwenye yale maji ni hiyo. Kwa hiyo ikionekana kwenye ngamia, kuna mtu ametia mkono.

Siku ya majibu yule bosi wao hata salamu hakuitikia. Akanisukumia karatasi, akawa anagonga na kalamu vilima viwili vidogo mwisho wa grafu, pale inapotokea hiyo beta-laktoglobulini, tap tap tap, "Mama umechanganya, usitupotezee wakati." Mbele ya watu! Mimi ninayepokea mitungi yangu mwenyewe alfajiri, vifuniko bado vimekazwa! Nililia kwenye matatu mpaka nyumbani.

Nikarudi na binamu yangu anayesomea kemia, akauliza kitu kimoja tu, kabla ya ngamia mlipitisha nini? Kimya. Kumbe ilitangulia ya ng'ombe na katikati hawakupitisha sampuli tupu waone kama mashine imebaki na mabaki! Kijana fundi wa pale, Mungu ambariki, akarudia tukiwa tumesimama hapo, akapitisha ya ng'ombe, halafu tupu, haina tone la maziwa, na vile vilima vikatokea vilevile. Akaosha sindano na kolamu, lile bomba la kutenganisha protini, vizuri, akaweka yangu, tukangoja weee, pale mwisho mstari ukalala tambarare. Nilimkumbatia yule mtoto.

Nilikuwa nawapa nyota moja, kwa ajili ya kijana nikasema nne, kazi yake ni safi kweli. Lakini nikikumbuka ile kalamu, hapana, mbili. Ukienda muulizie fundi, na dai wapitishe tupu kabla ya yako, usione haya. Karatasi sahihi ninayo, mteja alishanunua. Pole ya bosi mpaka leo sijaisikia.