Ruta ya bendi tatu niliyochukua Mwanjelwa, Mbeya: iko vizuri, ila hiyo gigahezi 6 ina mambo yake

Mlioniulizia hii ruta, sasa nimeitumia vya kutosha. Ni Wi-Fi 6E, yani ina bendi za gigahezi 2.4, 5 na 6, jina la kampuni naliacha maana haya ninayosema utayakuta hata kwa nyingine. Spidi haina maneno. Ukikaa nayo sebuleni kwenye 6 ni raha tupu, majirani wote hapa mtaani Forest wamejazana huko kwenye 2.4 wewe uko peke yako.

Shida ni kuiona hiyo 6 kwenye simu. Muuzaji yeye kakomaa tu "washa utaiona", kumbe kwanza simu yenyewe iwe ya 6E au toleo linalofuata, Wi-Fi 7, isipokuwa hivyo hata uizungushe vipi haitokei. Pili, simu kwenye bendi hii haipigi hodi kila chaneli (vijinjia ndani ya bendi) kama ilivyozoea, maana kule walikofungua bendi nzima kama Marekani kuna chaneli 59 za megahezi 20, ingekesha inatafuta na chaji imeisha. Inachofanya inasikiliza 2.4 na 5 kwanza, tangazo la ruta huko linabeba na taarifa ya 6 iko chaneli gani, yani kama pale stendi ya Nane Nane konda wa gari lingine anavyokuonyesha la Tukuyu limepaki wapi.

Sasa mimi nikazima 2.4 na 5 makusudi nione, na 6 nikaiweka chaneli 13. Laptopu ikawa kipofu! Nikahamishia 37, ikaonekana fasta. Sababu ni kwamba kifaa kikikosa wa kukielekeza kinapitia zile chaneli maalumu tu, 5, 21, 37 kuendelea, ziko 15, na ruta ikiwa hapo inajitangaza kila baada ya kama milisekunde 20 hivi. Kwa hiyo usizime 5, na chaneli iache kwenye hizo.

Paswedi nayo lazima iwe na ulinzi wa WPA3, ule wa zamani wa WPA2 huku hamna, ukiona haikubali kuunga angalia hapo kabla hujarudi dukani kugombana na mtu.

Ila kuta zetu hizi za tofali za kuchoma zinaimaliza, jikoni tu simu isharudi kwenye 5. Kwa chumba na sebule naipa nne kwa tano, mwenye nyumba kubwa na simu za kawaida achukue tu ya bendi mbili, hela inayobaki anunue mkaa, baridi la Juni analijua.