Walivyotusafishia picha ya mdogo wetu, studio ndogo Kariakoo

Naandika hii kwa mwenye picha ya marehemu inayomuuma kuiona imefifia. Mdogo wetu alikua JWTZ, askari wa miguu, akaenda Kongo na kikosi chetu kilichokua chini ya UN. Tarehe 7 Desemba 2017 jioni kambi yao ya Semuliki kule Beni ikavamiwa, wakapigana masaa na masaa, wenzetu 14 wakarudi kwenye majeneza yenye bendera na yeye akiwemo, hajafika hata thelathini. Tulimuaga makao makuu ya jeshi Upanga, jua kali, mama kashikiliwa huku na huku.

Picha yake ya mwisho ni selfi aliyotuma WhatsApp, kavaa bereti ya UN ile ya bluu ya anga, anacheka. Imetumwa na kutumwa tena mpaka imejaa ukungu. Sehemu ya kwanza nilikoipeleka (sitaitaja) walimng'arisha uso akawa mweupe kama bwana harusi wa kwenye kadi, mama akaangalia mara moja akaniambia mwanangu huyu simjui, mrudishie mwenyewe. Nililia kwenye daladala.

Sasa hawa wa Kariakoo, kichumba kimoja ghorofani, kijana yupo na kompyuta yake na printa kubwa, nilienda na mama. Akamwamkia, akamvutia kiti, akaikuza picha akakaa kimya muda mrefu mpaka nikahisi ataniambia haiwezekani. Kumbe anaangalia bendera begani. Akasema dada, ule mstari mweusi wa bendera yetu unapanda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia, hapa unashuka, hii simu ilipiga kama kioo, imegeuka. Yani miaka yote hiyo ipo kwenye simu zetu wote na hakuna aliyeona! Akaigeuza. Mama akainuka kwenye kiti akaweka kidole kwenye skrini, pale juu ya jicho la kushoto, kwenye kovu alilolipata alipoanguka kwenye mwembe akiwa darasa la tatu, kwenye ile selfi lilikua limehamia kulia. Akasema, "Eeh, sasa huyu ndo wangu."

Kazi yenyewe: rangi ya ngozi hakuigusa, alisafisha ukungu tu na kurudisha macho, na kila hatua alikua anamuuliza mama kwanza, sio mimi niliyelipa. Bereti mwanzo ilitoka kama kijani kwenye karatasi, akaitupa ile akaprinti upya bila kudai hata mia. Elfu 45 pamoja na fremu. Waliahidi siku tatu zikawa tano, ila alinipigia mwenyewe kuniambia, na bado tuliwahi hitma ya Desemba.

Fremu ndo sijaipenda, ni plastiki imepakwa rangi ya mbao na kioo kinameta, ukikaa upande wa dirishani unaona dirisha badala ya mtu. Na ngazi za jengo zina giza, ukienda na mzee mshike mkono. Kama una faili lenyewe nenda nalo kwenye simu iliyopigia, ile iliyopitia WhatsApp inampa kazi mara mbili.

Fremu nataka nibadilishe niweke ya mninga, inchi 16 kwa 24, mwenye fundi mzuri wa mbao Mbagala anielekeze.